Tunapunga Pepo

Herufi iliyokosekana ilikuwa moja tu, nayo ni u. Mwenye boti aliagiza bango la kusimamisha gatini, la kuwaambia watu kwamba kwa saa mbili watatembezwa kwa boti ya matanga kando ya jiji: TUNAPUNGA UPEPO, KARIBUNI NYOTE. Likaletwa rangi haijakauka, limeandikwa TUNAPUNGA PEPO.

Fundi wa mabango, mtu asiyekubali kosa hata akilishikishwa mkononi, alijitetea kwamba upepo ukiwa mmoja ni upepo, zikiwa nyingi ni pepo, na kwamba yeye hakujua kama mama mwenye boti anauza mmoja tu. Mdogo wa mwenye boti, mshika kamba aliyeitwa Mjomba na kila mtu, akamwambia dada yake kwamba kupunga pepo ni kazi ya waganga, si jambo la kutangazwa barabarani, na bango lirudishwe kabla watu hawajalisoma. Lau angenyamaza. Dada yake aliitwa Mama Bisho, na jina hilo hakulipewa bure. Kubisha, kwa watu wa matanga, ni kuipeleka boti kule kule upepo unakotoka, kwa mshazari, mara huku mara kule, upepo utake usitake. Kubisha kwa sisi wengine ni kule tunakokujua. Yote mawili aliyaweza, na hilo la pili ndilo aliloanza nalo tangu tumboni. Bango likapigiliwa misumari siku ileile, na nyundo aliishika yeye.

Watu walicheka, wakapiga picha, wakapanda. Kwa majuma matatu boti haikukosa abiria.

Siku yenyewe abiria walikuwa wachache. Walikuwapo bwana na bibi harusi wa siku nne, bado wanaoneana haya mbele za watu, na muuguzi aliyetoka zamu ya hospitali kuu, aliyesema anataka kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayemwita sista. Saa tisa alasiri, Mjomba akifungua kamba, akaja wa nne. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Alilisoma bango kwa kidole, neno kwa neno.

"Hapa mmeandika mnapunga pepo," akasema. "Ni kweli, au ni maneno ya biashara?"

Swali hilo Mama Bisho alikuwa ameshaulizwa mara mia, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni. "Kilichoandikwa ndicho tunachofanya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Umesema wewe," mgeni akamjibu, akapanda.

Mtu akikanyaga boti ndogo, boti huitikia, huinama kidogo upande wake. Hii haikuinama. Mama Bisho alilihisi hilo kwenye nyayo, akajiambia ni wembamba wa mtu, akashika usukani.

Wakatoka. Aliyewasimulia abiria habari za jiji alikuwa binti yake Mama Bisho, mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka ishirini na miwili ambaye walimpa jina la Redio kwa sababu tangu aanze kusema hajazimwa. Alisimama kando ya mlingoti akaonyesha mahakama ya zamani na saa yake isiyokwenda, akaonyesha maghorofa ya benki, akasema ghorofa lile la vioo lina lifti sita na zote hukwama kwenye ghorofa moja. Abiria wakacheka. Mgeni alikaa peke yake kiti cha mbele kabisa, uso ameuelekeza majini, na hakucheka.

Wa kwanza kuisikia harufu ni muuguzi. Aliinua nyayo akazikagua, kisha akawaangalia wenzake kwa aibu. Ilikuwa harufu ya udongo, udongo mbichi wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na nchi kavu ilikuwa mbali nao. Ndipo Mama Bisho alipoona jambo jingine ambalo hakulisema. Upepo ulitoka kulia, tanga limejaa vizuri, na boti, ambayo ilipaswa kulalia kushoto, ilikuwa inalalia kulia, kule upepo unakotoka.

Kisha chini ya sakafu, palipokuwa na maji matupu, kukabishwa hodi. Mara tatu, taratibu, kwa adabu.

Nani asiyejua ulimi ulivyozoea? Redio alikuwa katikati ya maneno, mkono umenyooka kuelekea hospitali, na kazi yake kutwa nzima ni kukaribisha watu. Hakugeuka hata kutazama. "Karibu," akasema.

Kiti cha mbele kikawa kitupu. Hakuna aliyemwona mgeni akiinuka, wala maji hayakuruka. Bibi harusi alifungua mdomo kusema, lakini Redio alikuwa anaendelea na maelezo, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, tulivu, iliyonyooka.

"Kulia kwenu ni hospitali kuu," ilisema. "Ghorofa ya pili, wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na mbili karibu na dirisha. Amebakiza pumzi nne. Tatu. Mbili. Hiyo ndiyo ya mwisho, sista, na alikuwa anakuulizia."

Muuguzi akaketi kwenye sakafu. Baada ya kitambo simu yake ikaanza kulia mkobani, ikalia mpaka ikanyamaza, na hakuigusa.

Redio akageuka kumtazama mama yake. Macho yalikuwa yaleyale, ila hayakupepesa. "Mama mwenye boti, nilisoma bango. Nimepanda, na kiti nimekipata. Nipunge."

Waganga wana maneno yao, na hata wasio waganga tumeyasikia: jini humpanda mtu, na mtu huyo huitwa kiti chake. Mama Bisho aliyajua. Akashikilia usukani kwa mikono miwili, akamuuliza kwa sauti ndogo anataka nini kwa mwanawe.

"Kwako sitaki kitu. Wewe ndiye uliyetangaza. Safari ni saa mbili, mmebakiza moja. Ukinipunga, nitaondoka. Ukishindwa, boti ikigusa gati nashuka na kiti changu, nakwenda nacho ninakokwenda, na wewe hutakiona tena."

Bwana harusi, aliyekuwa amemkumbatia mkewe mpaka vidole vimekuwa vyeupe, akasema warudi gatini sasa hivi, watafutwe watu wa dini, watafutwe polisi, yeyote yule. Mjomba hakungoja amri. Alitambaa nyuma kwenye mashine ndogo ya dharura. Mama Bisho akamtangulia, akauchomoa mpira wa petroli na kuutupa baharini.

"Dada, umekuwaje?" Mjomba akanong'ona.

"Amesema boti ikigusa gati. Basi haigusi."

Ninasema kweli, alikuwa anaogopa kuliko wote mle ndani, kwa kuwa mtoto alikuwa wake. Lakini woga wa Mama Bisho haukujua kulia, ulijua kukasirika tu. Akaita wajiandae, akasukuma usukani, boti ikageuza pua kuuelekea upepo, matanga yakapigapiga, boriti ya tanga ikavuka juu ya vichwa vyao, na wote wakahamia upande wa pili. Alikuwa ameanza kubisha.

Akabisha kwenda juu, akabisha kwenda chini, mahakama ikapita na ile saa yake isiyokwenda, yakapita maghorofa, ikapita hospitali ambayo muuguzi aliinamisha kichwa asiione, na kila walipogeuka ile sauti iliendelea na maelezo yake kwa adabu ileile, ikiwasomea madirisha ya jiji moja baada ya jingine, hapa kuna mzee ameanguka bafuni na mlango ameufunga kwa ndani, hapa kuna mtoto amepanda kwenye kiti kwenye baraza ya ghorofa ya tano, na chini ya sakafu kile kitu kikawa hakigongi tena bali kinakuna, kinakuna kufuata urefu wa boti kutoka mbele mpaka nyuma na kurudi, na harufu ya udongo ikawa nzito hata bwana harusi akatapika, na bado mwanamke yule alikuwa amesimama kwenye usukani midomo imekauka, anasema kama ni saa mbili zitakuwa kumi, kama ni kumi zitakuwa mia, maji ya kunywa anayo na mikate anayo, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kwenye mgeuko wa sita Redio alitokwa damu puani. Kwenye wa saba ilimtoka masikioni. Muuguzi, ambaye alikuwa analia waziwazi, alitambaa hadi kwa msichana akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu, maana mikono yake ilijua kazi hata akili ilipokimbia.

"Mama," akasema, "moyo wake unakwenda mbio mno. Aliyempanda hachoki, anayechoka ni binti yako. Ukiendelea hivi hafiki jioni."

Midomo ya Redio ikatabasamu.

Mama Bisho alisikia kitu kikivunjika ndani yake. Maisha yake yote alishinda kwa kutokubali, na sasa aliona kwamba ubishi huu anaulipia mwanawe, kwa damu. Akamwachia Mjomba usukani. Akatembea katikati ya boti, akapiga magoti mbele ya msichana.

"Umekaa pabaya," akamwambia yule aliyemo. "Hicho ni kiti cha mtoto. Chako hiki hapa." Akajipiga kifua.

"Wewe umezeeka. Una magoti mabovu na kisukari. Nikufanyie nini?"

"Kama unaogopa, sema unaogopa. Hapa hakuna atakayekucheka."

Upepo ukakata. Matanga yakalegea, na chini ya sakafu kukawa kimya. Majini wana nguvu nyingi, lakini watu husema hakuna wapendao sifa kama wao.

"Mimi?" ikauliza sauti. "Nikuogope wewe?"

"Basi bisha hodi."

Ikabishwa, mara tatu. Wote waliisikia, na wote waliona inatokea wapi: mfupa wa kifua cha Mama Bisho ulitikisika chini ya nguo, umegongwa kutoka ndani. Akaangalia uso wa mwanawe kwa urefu wa pumzi moja, akasema karibu, na baridi ikampanda kutoka miguuni, baridi ya udongo wa chini kabisa ambao jua halijawahi kuugusa, ikapita magoti yake mabovu, ikapita tumbo lililombeba yule mtoto, ikapita moyo, ikafika kooni ikalijaza, na alipofumba macho aliona madirisha yote ya jiji kwa pamoja na kila aliyekuwa nyuma ya madirisha hayo. Redio alimwangukia muuguzi mikononi, akamwita mama yake kwa sauti yake mwenyewe.

Mdomo wa Mama Bisho ukasema, kwa sauti ya mwanamume, "Sasa twende gatini."

Upepo ukarudi, na Mjomba akawapeleka, kwa maana Redio alihitaji daktari na hapakuwa na njia nyingine. Boti ilipogusa gati, miguu ya Mama Bisho iliinuka yenyewe. Ikapiga hatua moja. Ndipo akaushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akajirudisha chini, akakaa. Miguu ikainuka tena, akajikalisha tena. Bwana na bibi harusi walishuka wakakimbia bila kuaga. Muuguzi alishuka na Redio begani. Mama Bisho alibaki pale, jasho linamtiririka, akiinuliwa na kujikalisha, akiinuliwa na kujikalisha, mpaka jua likazama na taa za gati zikawaka. Jini alikuwa amepanda viti vingi duniani, lakini cha kukataa kubebwa hakuwahi kukiona. Kufikia hapo ile sauti ilikuwa haiamrishi. Ilikuwa inaomba. Mjomba aling'oa bango jioni hiyo hiyo, akalivunja kwa goti.

Mwaka umepita. Boti bado inatoka, Redio bado anasimulia, ila akisikia kitu kimegonga popote hunyamaza kwanza. Asubuhi moja alimkuta mama yake anasugua sakafu ya boti kwa brashi, na wakati huohuo anazungumza. Sauti moja ilikuwa ya chini, ya kiume, imechoka. "Nishushe, mama. Nakusihi." Na sauti ya pili, aliyoizoea tangu utotoni, ikijibu bila kuacha kusugua, "Kaa kitako."

Redio akachuchumaa mbele yake. Alimwona alivyokonda, alivyoota mvi mpaka kwenye nyusi, na uchungu ukamjaa. Akamweleza kwa kunong'ona kwamba amempata mganga, mtu wa kuaminika, ambaye amesema ataimaliza kazi hii kwa siku moja. Mganga huyo yuko tayari. Kinachotakiwa ni mama akubali tu.

"Amtoe," Mama Bisho akasema. "Halafu? Akishuka kwangu atapanda kwa nani?"

 Jibu lilikuwa kwenye midomo ya mama yake. Ilifunguka yenyewe, ikatabasamu kwa adabu, na sauti ile ya kiume ikasema, "Kwako, mwanangu."

Mama Bisho akajiziba mdomo kwa kiganja. Akakaa hivyo kitambo, macho ameyafumba, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka kilichokuwa kinapanda kikashuka. Kisha akaondoa mkono na kuokota brashi.

"Umemsikia mwenyewe," akasema. "Usinitajie mganga tena. Nipe hiyo ndoo."