Nani Alitoa Upepo wa Tairi?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Héritière alikwangua barafu kwenye vioo vya gari la baba yake, Bagalwa, nje ya nyumba yao kule Richfield, ughaibuni. Jumanne moja ya Novemba 2014 alikuta tairi moja la nyuma limebonyea kabisa. Akamwita baba.

Bagalwa aliinama kulitazama, kisha akamgeukia binti yake. "Jana ulikuwa ukicheza hapa. Umefungua vali ukatoa upepo."

"Sikugusa, Papa."

"Usinidanganye. Sasa nitachelewa kazini kwa utundu wako."

Héritière alikasirika. Kuchelewa shule angevumilia, lakini si kuitwa mwongo.

"Papa, taa ya njano ya matairi inawaka kwenye dashibodi tangu Jumamosi. Nilikuambia. Ukasema ni baridi tu, itazimika yenyewe. Mbona leo kosa ni langu?"

Bagalwa aliazima pampu kwa jirani, akajaza upepo, wakaenda polepole hadi gereji ya Sosthène, Mkongo mwenzao. Njia nzima Héritière alikunja uso.

Sosthène alipima matairi yote manne. Yote yalikuwa na upepo pungufu.

"Hewa ikipoa husinyaa," alisema. "Baridi ikianza, hata tairi zima hupungua upepo. Lakini hili la nyuma lina lake." Akalimwagia maji ya sabuni. Mapovu yakatoka kando ya kichwa cha msumari.

"Msumari huo, si mimi," Héritière alisema. "Na taa inawaka tangu Jumamosi."

Sosthène alimtazama Bagalwa kwa ukali. "Umeendesha hivi tangu Jumamosi, kwenye barabara kuu? Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata moto, na linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Hata breki hazishiki vizuri."

"Jumapili tulikwenda kanisani sote," Héritière alisema. "Na mdogo wangu mchanga pia."

Bagalwa alivua kofia.

"Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli mara mbili, nami sikukusikiliza hata mara moja."

Héritière aliitikia kwa kichwa, ingawa hasira haikuwa imemwisha yote.

"Kuanzia leo tutapima upepo kila mwezi, asubuhi, kabla gari halijatembea," baba aliendelea. "Taa ikiwaka, tutatafuta sababu siku hiyohiyo. Na kabla ya kumlaumu mtu, ni lazima kwanza tuchunguze."