Nyanchoka na Chumvi ya Ng'ombe

Saa kumi na mbili asubuhi, eneo la Nyansiongo huwa na baridi ya kuuma masikio. Nyanchoka alikuwa zizini, ameushika mkia wa Tamu, ng'ombe wao mweusi, ili usimpige Baba usoni akikamua. Baada ya hapo angebeba maziwa hadi kituo cha kukusanyia maziwa, arudi anywe uji, kisha akimbie shuleni. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku na hakuwa mtu wa kuilalamikia. Jumatatu hiyo, hata hivyo, alinung'unika tangu Tamu alipofungwa hadi tone la mwisho lilipoingia ndooni.

Pua yake ilikuwa imeziba. Hiyo ilikuwa siku ya tisa, nayo wala haikuonyesha dalili ya kufunguka. Alilala mdomo wazi, akaamka koo limekauka. Alikuwa amepenga kamasi mpaka ncha ya pua ikachubuka, na uji wa wimbi aliokuwa akiupenda sana sasa ulikuwa kama maji moto tu mdomoni. Basi alikasirika. Aliikasirikia pua, akaukasirikia uji, akamkasirikia hata Tamu, ambaye hakuwa amemkosea chochote.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu. Ijumaa kungekuwa na tamasha la muziki mjini Nyamira, na Nyanchoka, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, ndiye aliyechaguliwa kuongoza wimbo wa shule yao. Alikuwa ameungoja wimbo huo mwaka mzima. Lakini wiki iliyotangulia, Mwalimu Omosa, aliyewafundisha muziki, alimsikiliza akiimba beti mbili, akainua mkono kuwanyamazisha wote.

"Sauti yote inaishia puani," alisema. "Nakupa hadi Alhamisi ijayo jioni. Pua isipofunguka, Cynthia ataongoza."

Cynthia alikuwa jirani yake wa dawati, msichana mpole asiyekuwa na neno na mtu. Alimwambia Nyanchoka pole, tena akaisema kwa moyo safi. Nyanchoka alitamani angesema kitu kibaya ili apate kumchukia vizuri.

Jumatatu hiyo baada ya masomo, Mama alimpeleka zahanati. Nyumbani walizungumza lugha ya Ekegusii, lakini kwa Sista Achola, nesi aliyetoka upande wa ziwani, ilikuwa Kiswahili tu. Sista alimchunguza pua, koo na masikio, akamsikiliza kifua.

"Huna homa, na kifua ni kizuri," alisema. "Haya ni mafua yaliyokawia, na moshi wa jikoni haukusaidii. Sitakupa vidonge. Utaosha pua kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni."

Nyanchoka alidhani anataniwa. Alikuja kutafuta dawa ya nguvu, sasa anatumwa jikoni.

Sista Achola akaeleza polepole. Maji yachemshwe, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu. Kikombe kimoja cha maji, nusu ya kijiko cha chai cha chumvi safi ya kupikia, tena iliyosawazishwa. Ainame juu ya beseni, ainamishe kichwa upande, apumue kwa mdomo, kisha abinye chupa taratibu maji yaingie tundu moja na kutokea la pili. Akampa chupa ndogo laini ya kubinya, yenye mdomo mwembamba.

"Itachukua siku mbili tatu upate nafuu. Haya, hebu nirudishie niliyosema."

"Nimeelewa, Sista," Nyanchoka alisema, macho yako mlangoni.

"Nirudishie tu kidogo."

"Sista, nimeelewa. Nachelewa mazoezi."

Sista alimtazama Mama. Mama naye alikuwa ameelekeza jicho kwenye saa ya ukutani, kwa maana kuku walikuwa wamebaki nje. Wakaagana.

Akirudi nyumbani kutoka mazoezini, Nyanchoka alipiga hesabu yake. Siku mbili tatu zilikuwa nyingi mno. Na nusu ya kijiko, hata mchicha haukolei. Nyumbani kwao chumvi haikupimwa hivyo. Tamu akikataa majani, Baba alichota ngumi nzima ya chumvi ya ng'ombe kwenye gunia, ile ya rangi ya majivu, akamwekea alambe. Kufikia jioni Tamu alikuwa anakula mpaka majani ya migomba. Ikiwa ngumi moja ilimtosha ng'ombe mzima, Nyanchoka aliwaza, pua ya mtu ingefunguka kabla ya saa moja kuisha.

Mama alipokuwa akifungia kuku, Nyanchoka aliingia zizini na kikombe chake. Alichota maji baridi kwenye jerikeni ya kunyweshea ng'ombe, akatia chumvi ya ng'ombe, si ngumi moja bali mbili, akakoroga kwa kijiti, akajaza chupa. Kisha akabinya kwa nguvu zake zote.

Maumivu aliyoyapata yalipanda kutoka puani hadi katikati ya kichwa. Machozi yalimtoka, akapaliwa, akakohoa mpaka akashikilia nguzo ya zizi. Tamu aliacha kucheua, akamtazama.

Asubuhi ya Jumanne matundu yote mawili yalikuwa yamefura kwa ndani. Jana yake angalau pumzi kidogo ilikuwa ikipita upande wa kulia. Sasa hata hiyo ilikuwa imekatika.

"Uliosha pua jana?" Mama aliuliza.

"Niliosha."

"Vile Sista alivyosema?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Lakini alikuwa amechoka, kichwa kinamgonga, na aibu imemkaba.

"Vilevile," alijibu. "Dawa yake haifanyi kazi. Imenizidishia tu."

Shuleni siku hiyo hakuimba kabisa. Alikaa kwenye benchi akimsikiliza Cynthia akiongoza wimbo wake, na kwa kweli Cynthia aliuongoza vizuri. Nyanchoka alikuwa akivunja kijiti vipandevipande, na kilipokwisha akaokota kingine.

Jumatano asubuhi Mama ndiye aliyebeba maziwa. Kituoni palikuwa na akina mama kumi hivi, na mmoja akauliza habari za mtoto. Mama alikuwa na uchungu wa mwanawe, naye akautoa wote pale pale. Alisema nesi yule amemharibu binti yake kwa maji ya chumvi. Mama Anyona, ambaye mwanawe wa Gredi ya Tatu alikuwa ameambiwa aoshe pua vivyo hivyo, akasema basi yeye chupa yake anaitupa chooni leo leo. Wengine wakatikisa vichwa. Maneno ya kituo cha maziwa hayahitaji gari kusafiri. Kufikia saa nne yalikuwa zahanati.

Jioni hiyo Nyanchoka aliporudi kutoka shuleni alimkuta Sista Achola ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, bado amevaa sare yake, viatu vimejaa tope. Mama alikuwa amesimama, mikono kifuani. Baba alikuwa mlangoni.

Nyanchoka alijua atakemewa.

Sista Achola hakumkemea. Alimwangalia pua kwa tochi, kisha akamgeukia Mama.

"Mama Nyanchoka, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Pua ya mtoto imeungua kwa ndani. Kama alifanya nilivyomwambia, basi mimi ndiye niliyemwambia vibaya. Labda nilisema kijiko kizima. Labda nilisema chumvi nyingine. Nimekaa leo mchana nikijaribu kukumbuka, na sikumbuki. Nimewapigia simu wazazi wanne niliowapa maelekezo haya, nimewaambia waache mpaka nijue nilipokosea."

Mama alishusha mikono. Hakuwa ametarajia hilo. "Hata mimi sikusikiliza vizuri, Sista," alisema polepole.

Nyanchoka alitazama viatu vya Sista. Ni mwendo wa nusu saa kutoka zahanati, na mvua ilikuwa imenyesha. Mtu mzima ametembea tope hilo lote kuja kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na kuna watoto wanne watakaolala pua zimeziba leo kwa sababu ya neno moja, "vilevile". Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Tamu peke yake ndiye aliyeona.

"Sista, hukukosea," alisema. "Ulisema nusu ya kijiko, iliyosawazishwa. Ulisema maji yachemshwe. Mimi nilichukua maji ya jerikeni ya ng'ombe. Na chumvi nilichukua ya Tamu. Ngumi mbili."

Baba akakohoa.

"Ngumi mbili," alirudia. "Hata Tamu mimi humpa moja."

Mama hakucheka. "Na mimi nimemchafulia mwenzangu jina mbele ya watu kumi," alisema, akaketi chini kwenye ngazi ya jikoni, amejishika kichwa. "Nyanchoka, kwa nini?"

"Nilitaka ifunguke kabla ya Alhamisi, Mama. Halafu ilipoungua niliona haya."

Sista Achola alivuta pumzi ndefu. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sikiliza, binti yangu. Kukosea vipimo si ajabu, hata sisi manesi hukosea. Lakini ukinificha ulichofanya, mimi nabaki natibu kitu ambacho hakipo. Tena na watoto wengine wanaumia bila kujua kwa nini. Chumvi ya ng'ombe imechanganywa na madini ambayo si ya pua ya mtu, na maji mabichi puani yanaweza kuleta ugonjwa mbaya kuliko mafua. Sasa, Mama, tuteleke birika."

Walichemsha maji, wakayaacha yapoe, wakapima. Safari hii Mama alishika kijiko mwenyewe na kukisawazisha kwa kisu. Nyanchoka aliinama juu ya beseni, akabinya taratibu. Haikuchoma. Mara ya kwanza maji yalirudi yalikotoka. Mara ya tatu yakatokea tundu la pili, yakifuatwa na makamasi mazito ambayo hatutayaeleza zaidi, maana huenda msomaji anakula. Pumzi nyembamba ikapita. Ilikuwa kidogo sana, lakini ilipita.

"Kesho asubuhi tena, na kesho jioni," alisema Sista. "Siwezi kukuahidi chochote kuhusu wimbo. Pua imeumia, itapona kwa wakati wake."

"Na kesho asubuhi maziwa utayapeleka wewe," Mama alimwambia Nyanchoka. "Tutaenda wote wawili. Nitasema yangu, nawe utasema yako."

Alhamisi, mbele ya akina mama wale wale, Mama alianza. Alisema alimsema nesi vibaya bila kuuliza vizuri, na kwamba anaomba msamaha. Kisha Nyanchoka akasema yake, masikio yakiwaka moto. Aliyecheka kwanza ni Mama Anyona.

"Kumbe tuna ng'ombe mpya Nyansiongo," alisema. "Huyu naye tutaanza kumkamua lini?"

Wote wakaangua kicheko. Nyanchoka alitaka ardhi immeze, lakini alisimama palepale mpaka wakamaliza.

Jioni, baada ya kuosha pua mara ya tatu, aliimba mbele ya Mwalimu Omosa. Noti za juu zilitoka safi. Zile ndefu zilimkatikia.

"Beti za kwanza utaongoza wewe," Mwalimu alisema. "Ule ubeti wa mwisho, wenye noti ndefu, ni wa Cynthia. Ameufanyia kazi."

Nyanchoka alikuwa ameutaka wimbo wote. Hata hivyo alijua ni nani aliyeupoteza ubeti ule. Alimsogelea Cynthia, wakaanza kufanya mazoezi ya kupokezana.

Ijumaa alfajiri aliushika mkia wa Tamu kama kawaida, akavuta pumzi, na harufu zote zikamjia kwa pamoja: maziwa ya moto, majani mabichi, mavi ya ng'ombe. Alivuta tena. Baba alimwona akitabasamu juu ya mavi, akaendelea kukamua bila kuuliza.

Kituoni, Sista Achola alikuwa amesimama kati ya akina mama, amekuja kumtakia heri. Mama Anyona alikuwa na chupa mpya mkononi.

"Kumbukeni jambo moja," Sista aliwaambia. "Mgonjwa akisema ukweli, kosa hurekebishwa siku hiyo hiyo. Akificha, hata dawa nzuri huonekana mbaya. Huyu mtoto alichelewa siku mbili, lakini alisema mwenyewe, bila kuulizwa. Hilo si jambo dogo."

Mama Anyona hakumuuliza nesi. Alimgeukia Nyanchoka.

"Hebu niambie wewe uliyeonja zote mbili. Hiyo nusu ya kijiko, ni ya kujaa juu au ya kusawazisha?"

"Ya kusawazisha, Mama Anyona," Nyanchoka alisema. "Na maji uyachemshe kwanza." Kisha akaeleza yote, tangu birika hadi beseni, bila kuruka hata neno, gari la shule la kuwapeleka Nyamira likipiga honi barabarani.