Hodi Mbele ya Ungo Mkuu

Ungo Mkuu ulikuwa unapepeta. Mtambo huu ulijaza ghorofa nzima ya Idara ya Ajira katika jiji la Sumbula, linaloelea angani juu ya Dunia, na kazi yake ilikuwa moja: kutenganisha punje na makapi. Punje ni vijana wanaofaa kupewa kazi. Makapi ni waliobaki. Ulisikiliza mapigo ya moyo kupitia sakafu, ukanusa jasho, ukapima mwendo wa macho, na kabla kijana hajameza mate ulishatoa hukumu. Wakubwa waliouagiza walisema umekomesha upendeleo. Watoto wao hawakuwahi kupita humo.

Mize Faki, binti wa Wete, Pemba, alikuwa anasomea hewa bandia, ile inayotolewa na mabwawa ya mwani ili watu wa Sumbula wapumue. Chuoni walimsifu. Lakini sheria ilisema mwanafunzi wa kigeni asiyepata fildi, yaani mafunzo ya kazini, kabla ya muhula kwisha hufutiwa kibali cha kuishi na kushushwa Duniani bila shahada. Kila kampuni aliyoiomba ilijibu kwamba haichukui mtu ambaye kibali chake kinakaribia kufutwa. Akienda kuomba kibali kiongezwe, anaambiwa alete kwanza jibu la kampuni. Sheria ya namna hiyo hutungwa na mtu aliyeshiba.

"Wanatuzungusha kama pia," alisema Kabibi, mwenzake wa chumbani, mtoto wa Kalemie, aliyekataliwa mpaka akaanza kucheka. "Leo Ungo umekuita, dada. Usiuangalie kama unauogopa."

"Nitauangalia wapi? Kwani Ungo una macho?"

"We nenda. Ukikosa, tutashuka wote tukauze dagaa."

Mlango wa chumba cha usaili ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na mwanga hafifu na kiti kimoja, mtu hakuna. Mize akasimama kizingitini.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Akangoja kidogo, akaita mara ya tatu. Kwao, ukibisha mara tatu usikaribishwe, huingii. Mwenye nyumba ana lake. Pengine msaili anasali, aliwaza. Akaenda kukaa kwenye benchi la nje, magoti pamoja, angoje kuitwa.

Hakujua kwamba chumba chenyewe ni Ungo, na ndicho msaili. Kuta zilikuwa zinamtazama tangu alipotokea. Benchi halijapata joto, maandishi yakawaka kwenye bangili yake ya kitambulisho: MWOMBAJI AMEFIKA MLANGONI AKAKATAA KUINGIA. HANA NIA. MAKAPI.

Alipanda kwa hasira mpaka ofisi ya msimamizi wa Ungo. Juu ya mlango palisomeka: Msellem Juma. Jina la kwao! Akabisha.

"Karibu," mzee akajibu, kisha akatazama chini, kama mtu aliyeteleza ulimi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Ni wewe uliyebisha kule chini."

"Ulinisikia?"

"Nilikuwa chumba cha pili. Nimezisikia zote tatu."

"Sasa Ami, kusema karibu kulikushinda nini?"

"Mtu akifungua mdomo Ungo unapopepeta, anafukuzwa. Ndiyo amri. Na mimi nina wajukuu hapa."

"Si uwaambie wakubwa? Waambie kwetu mtu haingii ndani kama mbuzi!"

"Niliwaambia. Mkurugenzi akaniuliza hodi inaongeza tija kiasi gani." Mzee akahema. "Nitakurudisha kwenye foleni, hilo naliweza. Ila ukija usibishe. Usiamkie. Ingia kama kwako, kaa, anza kujisifu. Na ufanye mazoezi, maana Ungo unamjua anayesita."

Mize akafanya mazoezi. Akawa anaingia vyumba vya wenzake bweni zima bila kubisha. Wa kwanza alimtupia kandambili. Kabibi alicheka mpaka akashika mbavu. Baada ya siku kadhaa akaacha kucheka.

"Dada, sasa husiti hata kidogo," alisema.

Foleni ilipomfikia, Mize aliingia, akakaa, akasema hakuna anayejua mwani kama yeye. PUNJE. Akapata fildi kwenye mabwawa ya hewa, na kibali kikaongezwa.

Likizo ilipofika akashuka Wete. Hakupiga simu, alitaka kumshtua baba yake. Akausukuma mlango ulioachwa wazi nusu, akaingia moja kwa moja.

Faki Hamad alikuwa ameketi mkekani, kanga ya marehemu mkewe mapajani, analia. Analia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Tangu mazishi hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Mtaa mzima ulimsifu kwa subira yake.

Mize akaganda. Mzee akaivuta kanga, akajifunika nayo uso.

"Shikamoo, Baba."

"Umeingiaje?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Mlango wazi! Tangu lini mlango wazi ukawa karibu?" Sauti ilitoka ndani ya kanga, inatetemeka. "Hodi ni kumpa mtu nafasi ajifute uso, mwanangu. Kwani hao wakubwa zenu huko juu hawana cha kujifuta?"

Bangili ilikuwa inang'aa kijani mkononi mwa Mize, kibali ki hai. Akarudi kinyumenyume mpaka nje, akauvuta mlango ukafungika.

"Hodi!"

Kimya. Kisha akasikia maji yanamiminwa, mtu anapenga kamasi.

"Hodi!"

Ya tatu hakuita. Alijua ikitoka hiyo isijibiwe, itambidi aondoke. Akasimama juani, ameishikilia kinywani, anasubiri.