Majina ya Mbayuwayu

Andrea na Sabina walikutanishwa na vifungo. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 1972, soko la Mtwara limefurika, shati la kaki la Andrea likanasa kwenye pembe ya meza ya muuza muhogo na vifungo viwili vikaruka. Sabina, fundi cherehani wa baraza la jirani, gauni la maua na kitambaa chekundu kichwani, alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Akamwita amshonee. Tangu hapo kila Jumamosi Andrea alileta shati lenye kasoro, na majirani wote walijua analichana mwenyewe.

Miezi mitatu ikapita kwa raha. Andrea alikuwa karani wa shehena bandarini, kijana mpole wa Kimakonde aliyesema kwao ni Nanyamba. Kisha Sabina akakuta karatasi mfukoni mwa shati: andorinha, golondrina, rondine, hirondelle, na kando ya kila neno jina la meli na tarehe. La kwanza lilikuwa Kireno, alikwisha kuwasikia wakimbizi wakikisema. Vita vilikuwa vikiwaka ng'ambo ya Ruvuma, na kila nyumba ilikuwa imeonywa juu ya wapelelezi wa Mreno. Mtu wa Nanyamba Kireno kakitoa wapi, na tarehe za meli anamwandikia nani? Kikulacho ki nguoni mwako.

Alikaa siku mbili bila kumwuliza, kwa kuwa alimpenda na aliliogopa jibu. Siku ya tatu aliipeleka karatasi kwa Mzee Bwanaheri, balozi wa nyumba kumi. Jioni ile ile Andrea alichukuliwa bandarini, makuli wakitazama.

Siku tano baadaye Andrea alisimama barazani kwa Sabina, shati chafu, macho mekundu.

"Ni mimi niliyeipeleka," Sabina alisema kabla ya salamu.

"Najua."

"Uliniambia kwenu Nanyamba."

"Nilikudanganya. Nimezaliwa Mueda, ng'ambo. Niliogopa utanikataa, mkimbizi asiye na ndugu wa kumwulizia."

Akamweleza yote. Shuleni mwalimu Mreno alimchapa kwa kusema Kimakonde, akidai Kireno ni lugha ya pekee isiyo na mwenziwe. Sasa mbayuwayu walikuwa wamejenga chini ya paa la ghala, naye akawa anawauliza mabaharia, Mhispania, Mtaliano, Mfaransa, kwao ndege huyu anaitwaje, akiandika na meli ya kila mmoja na siku aliyomwuliza. Akaona majina yanafanana. Padri mmoja akamwambia yote yamezaliwa na neno moja la Kilatini, hirundo.

"Kumbe Kireno nacho ni mtoto wa mtu," alisema. "Nilitaka kulijua hilo tu. Padri huyo ndiye aliyenitoa polisi."

Sabina alilia bila kujificha. Akasema angeikuta karatasi ile leo angeipeleka tena, ila angemwuliza yeye kwanza.

Andrea aliketi kando ya cherehani.

"Balozi wenu kanihoji siku nne huko polisi, mpenzi. Ukoo, dini, maradhi, kama nina mke. Hakuna baba mkwe aliyewahi kumchunguza mtu hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Nimemwomba awe mshenga wangu. Kesho alasiri anakuja kwenu. Ukinikataa mwambie yeye, mimi nimechoka kuhojiwa."