Msusi Aliyekatazwa Ngano

Msusi aliamka na kisirani. Hakuna aliyekuwa amemkosea. Maji yalikuwa yanatoka bombani, na redio ya jirani ilikuwa bado imezimwa. Hata hivyo aliamka amenuna.

Jikoni alimkuta mumewe akichemsha chai. Mume alikuwa fundi wa friji, mtu mpole asiye na maneno mengi. Binti yao alikuwa ameshakaa mezani na sare zake za shule.

"Umeamkaje, mama?" mume aliuliza.

"Kama unavyoniona."

"Nikumenyee kiazi?"

"Kiazi jana, kiazi juzi, kiazi leo. Nitaota mizizi."

Mume alimtazama binti. Binti alitazama kikombe chake. Wote wakafyata ulimi, na hilo nalo likawa kosa.

"Mbona mmenyamaza? Kuna aliyewaziba midomo?"

Basi ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa siku hizo. Ukisema, umekosea. Ukinyamaza, umekosea zaidi.

Mwanamke huyu hakuwa hivyo zamani. Alikuwa mcheshi, na wateja walimfuata saluni kwa ajili ya kusukwa na kwa ajili ya soga. Lakini kwa muda mrefu tumbo lilimsumbua. Lilivimba, likaharisha, likamwacha hana nguvu. Hospitali walimpima damu, kisha wakaangalia utumbo wake kwa kamera ndogo. Wakamwambia ana ugonjwa wa siliaki.

Bibi Lishe ndiye aliyemweleza. Hilo ni jina ambalo watu walimpa mtaalamu wa lishe wa kliniki. Alisema kuna kitu kinaitwa gluteni. Kimo ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mwenye siliaki akila gluteni, mwili wake unaushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo ukiumia, chakula hakiufai mwili. Dawa yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Bibi Lishe alieleza mengine mengi siku hiyo. Msusi alisikia moja tu: usile ngano. Akarudi nyumbani akaacha mkate, biskuti na tambi. Mahali pake hakuweka kitu. Asubuhi alikula nusu kiazi na siagi, akaenda kazini. Mchana mgahawa wa jirani ulipika mchuzi, lakini uliuzidisha uzito kwa unga wa ngano. Aliona aibu kuwauliza kuhusu vyakula vingine. Akasimama mchana kutwa na chai tumboni.

Sasa mtu mwenye njaa akishika nywele zako, utajua.

"Dada, unanivuta," mteja mmoja alilalamika.

"Nywele zako ni ngumu."

"Nywele ni zilezile za mwezi uliopita. Mkono ndio umebadilika."

Mteja yule alimaliza kusukwa, akaaga kwa adabu, na hakurudi tena. Mwingine akamfuata. Saluni ya ng'ambo ya barabara ikaanza kujaa.

Siku moja msusi alikosa wateja kabisa, akarudi nyumbani mapema. Alisikia minong'ono nyuma ya nyumba. Akazunguka polepole. Mumewe na binti walikuwa wamejibanza nyuma ya tangi la maji, kila mmoja na kipande cha mkate mkononi. Mume alificha chake mgongoni.

"Tunaangalia tangi," alisema. Sharubu zake zilikuwa zimejaa chembe za mkate.

"Tangi linaliwa kwa siagi siku hizi?"

"Hatukutaka utamani, mama watoto. Tulikuonea huruma."

"Huruma gani hii? Mnakula kwa kujiiba ndani ya uzio wenu. Mimi nimekuwa jini, nakimbiwa?"

Mori ulikuwa umempanda. Alisema mengi ambayo hakuyakusudia. Binti alianza kulia. Badala ya kumbembeleza, mama alimwamuru akae asukwe, kwa kuwa shuleni walikuwa hawataki nywele timutimu.

Binti alikaa kwenye kigoda, mabega juu. Mama alichana, akagawa, akavuta. Baada ya mistari michache binti alisimama, akajishika kichwa.

"Mama, naomba kunyolewa."

"Kunyolewa? Kwa nini?"

"Sitaki kusukwa tena."

"Hutaki kusukwa au hutaki kusukwa na mimi?"

Binti alitazama chini. "Na wewe."

Nywele zile zilikuwa hazijawahi kuguswa na mkono mwingine tangu binti azaliwe. Msusi aliumia. Lakini hasira ikatangulia mbele ya uchungu. "Sawa," alisema. "Jumamosi baba yako akupeleke kwa kinyozi."

Alikwisha kusema. Kurudi nyuma hakuweza, kwa kiburi tu.

Ijumaa Bibi Lishe mwenyewe aliingia saluni kusukwa. Hakukuwa na foleni ya kumchelewesha.

"Vipi, unaendeleaje na chakula?" aliuliza alipokwisha kukaa.

"Naendelea." Msusi akavuta.

"Mchana unakula nini?"

"Chai." Akavuta zaidi.

"Na hasira je?"

Vidole vya msusi ndivyo vilivyojibu. Bibi Lishe alishika mkono wake taratibu.

"Mwenzangu, niachie kichwa kidogo. Keti hapa, tuzungumze."

Msusi aliketi kwenye kiti cha pili. Akasema yote. Tangi, mkate, kinyozi.

"Naharibu nyumba yangu mwenyewe," alisema. "Kumbe nimekuwa mtu mbaya."

"Wewe si mtu mbaya. Una njaa," Bibi Lishe alijibu. "Umeondoa vyakula, hujaweka vingine. Mtu asiyekula mchana kutwa atagombana hata na kiti. Wali unakula? Maharage? Mahindi? Mayai, samaki, nyama, ndizi, karanga? Vyote hivyo ni vyako, mradi visichanganywe na ngano. Pika nyumbani, beba. Ukienda mgahawani, uliza bila aibu wameweka nini ndani ya mchuzi."

"Nitaonekana nina maringo."

"Bora maringo kuliko kuharisha. Halafu, siagi yenu mnapaka kutoka kopo moja?"

"Ndiyo. Moja tu."

"Kisu kinatoka kwenye mkate kinaingia kwenye siagi. Chembe zinabaki humo. Wewe unapaka kwenye kiazi."

Msusi alibaki kinywa wazi. "Kwa hiyo muda wote huu nakula mkate, na wala siufaidi."

Bibi Lishe alicheka mpaka akashika kiuno. "Ndivyo. Chembe kidogo tu zinatosha kuuumiza utumbo. Weka siagi yako, ubao wako wa kukatia, mwiko wako na chujio lako. Njoo pia kliniki tupime damu yako. Utumbo ulioumia humnyima mtu madini ya chuma, na upungufu wa damu huleta uchovu na hasira. Utumbo hauponi kwa wiki moja, kwa hiyo jipe muda."

"Na huu uchungu? Nikinusa mkate natamani kulia."

"Lia. Umeachana na kitu ulichokipenda tangu utotoni. Ila waambie watu wako, 'Leo nina hasira, si kosa lenu.' Toka nje, tembea, pumua, kisha rudi. Ukiona huzuni haiondoki au usingizi umepotea, tuambie. Kuna msaada. Na binti apimwe, maana ugonjwa huu hurithiwa katika familia. Ila asiache ngano kabla ya kupimwa, majibu yatadanganya."

Jioni hiyo msusi alimweleza mumewe kila kitu. Fundi wa friji alichukua mbao, akapigilia rafu ukutani juu ya meza ya jikoni. Siagi ya mkewe na vyombo vyake vikapanda huko. Mkate ukabaki chini, mezani, hadharani.

"Kuleni mkiwa mmekaa," msusi alisema. "Nikinuna, nimenunia mkate. Sijawanunia nyinyi."

Binti alisikia. Lakini hakusema kwamba amebadili nia.

Jumamosi baba alivaa viatu vya kutokea. Msusi alimwendea binti.

"Kabla hujaenda, naomba unipe nafasi moja. Nikikuumiza, sema. Nitaacha papo hapo, na utakwenda kwa kinyozi bila ugomvi."

Binti alifikiri. Kisha akakaa kwenye kigoda, mbali kidogo, mabega juu.

Mama alianza vizuri. Akasuka upande mmoja, akaingia katikati. Nje mtu alipita akipiga honi, kitana kikaanguka, na vidole vikakaza vyenyewe.

"Mama," binti alisema kwa sauti ndogo.

Jibu la zamani lilikuwa limeshafika mdomoni: nywele zako ni ngumu. Akalimeza. Akaziachia nywele.

"Hasira ni zangu," alisema. "Nywele zako hazina kosa. Asubuhi sikushiba. Ningoje."

Alikwenda jikoni akala wali na yai, taratibu, amekaa. Binti alimsubiri na nusu ya kichwa ikiwa imesukwa. Mama aliporudi, alikuta kigoda kimesogezwa karibu.

Msidhani hasira ziliisha siku hiyo. Kliniki walimkuta na upungufu wa damu, ikachukua miezi kurudi sawa, na tumbo lilimsumbua mara chache kabla ya kutulia. Kuna siku alitoka nje kutembea na kurudi mara mbili kabla ya chakula cha jioni. Wateja walirudi mmoja mmoja. Lakini Jumamosi ile alisuka mistari yote mpaka mwisho kwa mkono mwepesi.

Baba aliingia na funguo mkononi. "Haya, tunaenda kwa kinyozi au hatuendi?"

Msusi aliweka kidole mdomoni. Binti alikuwa ameegemea paja la mama yake, amelala fofofo.

"Vua viatu," msusi alinong'ona.