Ndama wa Pikapu ya Bibi

Tusekile ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, kwa hiyo akicheka, hewa inapita. Fyuu!

Anaishi Rungwe, huko milimani, pamoja na Mama na Bibi. Huko mvua haina haya. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo, halafu inarudi tena. Ti, ti, ti, juu ya bati.

Kwa hiyo kuna tope. Tope njiani. Tope mlangoni. Tope kwenye miguu ya kuku.

Lakini tope lililozidi yote lilikuwa nyuma ya jiko, kwenye pikapu ya Bibi.

Zamani Bibi aliendesha pikapu hiyo. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya maziwa. Kisha goti lake likaanza kuuma. Bibi akashuka, akafunga mlango, na pikapu ikabaki pale.

Ikabaki mwaka wa kwanza. Ikabaki mwaka wa pili. Ikabaki mpaka Tusekile akazaliwa, akaota meno, na meno yenyewe yakaanza kung'oka.

Kuku wakahamia ndani kupitia dirishani. Ko-ko-ko! Wakalala kwenye kiti cha dereva, tena bila leseni.

"Pikapu ya Bibi ni ya kahawia," Tusekile alisema kila mara. Hata wewe ungesema hivyo. Rangi yake haikuonekana, lilionekana tope tu.

Sasa Mama amejifunza kuendesha gari. Leseni anayo. Na Mjomba Ambokile, kaka yake Mama, ameitengeneza injini. Ngurrr! Inaunguruma vizuri.

"Jumatatu naanza kukusanya maziwa," Mama alisema. "Leo Jumamosi tunaiosha. Mjomba atakuja mchana na rangi."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mlangoni mwa jiko, anamenya viazi. Kisu chake kikasimama.

"Mkiosha mlango wa dereva," alisema, "mtamwona ndama."

"Ndama?" Tusekile akashangaa. "Ndama wa ng'ombe?"

"Ndama wa rangi. Mama yako alimchora, alipokuwa mdogo kama wewe. Alimchora kwa kidole chake."

Mama akacheka, akaficha kidole.

"Watu walikuwa hawasemi, pikapu inakuja," Bibi alisema. "Walisema, Ndama huyo, Ndama anakuja! Jamani, nimemkumbuka. Mkimwona, mniite."

"Tutakuita, Bibi!" alisema Tusekile.

Kazi ikaanza. Kwanza kuku walitolewa. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko! Walilalamika kama wapangaji waliofukuzwa.

Kisha Mama akamwaga maji juu ya pikapu. Mwaaa! Tope likalainika. Tusekile akachukua kitambaa na sabuni.

Akaimba:

Swii, swaa, tope toka!
Rangi, rangi, jitokeze!

Wakaosha boneti. Chini ya tope kulikuwa na nini? Bluu!

"Mama! Si ya kahawia! Ni ya bluu!"

Kutoka jikoni Bibi akaita, "Tusekileee! Ndama ameonekana?"

"Bado, Bibi!"

Wakaosha taa. Taa moja, taa mbili. Pikapu ikawa na macho.

Swii, swaa, tope toka!
Rangi, rangi, jitokeze!

Wakaosha magurudumu. Ndani ya gurudumu moja alikuwa amekaa chura. Chura akawaangalia, akaruka, akaenda zake. Chubwi!

"Tusekileee! Ndama ameonekana?"

"Bado, Bibi!"

Maji yakaisha. Mama akachukua ndoo mbili, akaenda bombani.

Tusekile akabaki peke yake, mbele ya mlango wa dereva.

Mlango huo ulikuwa na tope gumu, tope la miaka mingi. Tusekile akasugua kwa kitambaa. Halikutoka. Akasugua tena. Wapi!

Sasa, niwaambie jambo moja. Hapo nyumbani, bingwa wa kuosha sufuria ni Tusekile. Anachota mchanga, anachanganya na majivu, anasugua. Kwaru, kwaru, kwaru! Masizi yote yanatoka. Sufuria inang'aa mpaka unaona pua yako. Bibi humsifu, Mama humsifu, na majirani humsifu.

Kwa hiyo Tusekile akawaza. Masizi ni magumu, na mchanga huyatoa. Tope ni gumu pia.

Umeshajua alichofanya, eti?

Alichota mchanga, akautia kwenye kitambaa, akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru!

Tope likadondoka. Mguu mweupe ukatokea! Kwaru, kwaru! Mkia ukatokea! Kwaru, kwaru! Tumbo! Shingo! Jicho jeusi! Sikio moja, limepinda kidogo!

"Ndama!" Tusekile akacheka. Fyuu!

Limebaki sikio la pili. Tusekile akabonyeza kwa nguvu zake zote. Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru, kwaru!

Akafuta kwa kiganja, aone.

Sikio la pili halikuwapo.

Mahali pake palikuwa na bati tupu, na mikwaruzo mingi. Rangi nyeupe imekwenda. Hata bluu imekwenda.

Tusekile akagusa pale kwa kidole.

Na wakati huo huo, kutoka jikoni:

"Tusekileee! Ndama ameonekana?"

Tusekile akainama. Akachota tope kwa mikono miwili. Pa! Akalipaka mlangoni. Pa! Pa! Akafunika sikio. Akafunika jicho. Akamfunika ndama mzima.

"Bado, Bibi," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo sana. Bado za kwanza zilikuwa za kweli. Hii haikuwa ya kweli, na Tusekile alijua.

Mama akarudi na maji. "Sasa tuoshe mlango wa dereva."

Tusekile akauegemea mlango kwa mgongo. "Huu nitauosha mimi. Baadaye."

"Haya," alisema Mama. "Twende tukale kwanza."

Chakula kilikuwa viazi na maharage. Viazi vya Bibi vinapendwa na kila mtu. Tusekile kwa kawaida hula vitatu, halafu anaangalia sahani ya jirani yake.

Leo hakula hata kimoja.

Bibi akamgusa paji la uso. Halikuwa na joto. "Viazi vimekukosea nini leo, mjukuu wangu?"

Tusekile akatazama chini.

Bibi akaweka sahani yake chini. Kisha akasema polepole, "Labda ndama hayupo tena. Mvua ya huku, miaka yote hiyo! Labda imemfuta. Basi, si neno. Nilitaka tu kumwona."

Bibi akafuta jicho kwa ncha ya khanga.

Lo! Tusekile hakuweza tena. Maneno yakatoka yote kwa pamoja, na machozi yakaja nayo.

"Yupo, Bibi! Ameonekana! Ana mkia na ana jicho! Lakini nimemsugua kwa mchanga, na sikio moja limetoka, nikamfunika kwa tope ili usimwone!"

Mvua ilikuwa imerudi. Ti, ti, ti, juu ya bati.

Bibi akanyoosha mkono. "Nipe fimbo yangu."

"Mama, nje kuna tope, na goti lako je?" alisema Mama.

"Tope nalijua tangu hujazaliwa. Tusekile, nishike mkono."

Wakaenda polepole. Fimbo, mguu, mguu. Fimbo, mguu, mguu. Wakafika kwenye pikapu.

Bibi mwenyewe akachukua kitambaa, akamwaga maji, akafuta taratibu. Mguu. Mkia. Tumbo. Shingo. Jicho. Sikio moja.

Kisha akafika kwenye mikwaruzo. Akaitazama kwa muda mrefu.

Machozi yakamtoka Bibi.

"Umenikasirikia?" Tusekile akauliza.

"Hapana, mjukuu wangu. Nimefurahi. Mtazame! Mtazame alivyosimama, kama anataka kunyonya." Bibi akamvuta Tusekile karibu, akamkumbatia ubavuni. "Sikio tutampa jingine. Rangi inakuja na mjomba wako. Ila wewe ukiharibu kitu, niambie. Usikae nacho peke yako mpaka viazi vipoe."

"Nitakuambia, Bibi."

"Na mchanga ni wa sufuria. Hii rangi ni ngozi ya gari. Wewe nikikuogesha kwa mchanga, je?"

Tusekile akacheka huku analia. Fyuu!

Kisha akarudi jikoni, akala viazi vitano.

Mjomba Ambokile akafika na pikipiki. Alikuwa na makopo, brashi, na karatasi ya msasa. Injini anaziweza, lakini kazi yake hasa ni ufundi rangi, na hata kofia yake ina rangi saba.

"Shikamoo, Mama," alimwamkia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako yuko hapa mlangoni."

Mjomba akachuchumaa. "Ohoo. Nani kamfanyia hivi?"

"Ni mimi, Mjomba," alisema Tusekile. Safari hii alisema kwa sauti, na Bibi akasikia.

"Basi wewe ndiye msaidizi wangu," alisema Mjomba.

Akamfundisha. Msasa unalowekwa kwenye maji. Unasuguliwa taratibu, kama unambembeleza mtoto. Shwii, shwii. Mikwaruzo ikalainika, ikawa laini kama kiganja.

Wakakausha. Wakapaka rangi ya chini, ya kijivu. Wakasubiri.

Unajua kazi ngumu ya fundi rangi ni ipi? Ni kusubiri. Tusekile alikaa juu ya mikono yake ili isiguse.

Jua likatoka kidogo, likasaidia. Wakapaka bluu. Wakasubiri tena.

Wakati wa kusubiri, Mjomba akaipaka pikapu nta na Mama akaifuta kwa kitambaa laini. Wakaifuta kote, ila pale palipolowa. Bluu ikang'aa. Kuku walipita, wakajiona, wakakimbia. Ko-ko-ko!

"Haya," alisema Mjomba. "Sasa sikio."

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akachora sikio. Lilikuwa sikio zuri sana, limenyooka.

Wote wakalitazama.

"Hapana," alisema Bibi. "Hilo ni la ndama wa dukani."

Mjomba akalifuta. Mama akasogea. "Nilimchora mimi, ngoja nimalizie."

Akachovya kidole, akabonyeza. Lilikuwa sikio kubwa, kama la tembo.

Bibi akacheka mpaka akashika goti. "Kidole chako kimekua, mwanangu."

Mama akalifuta. Akatazama kidole chake. Kisha akatazama vidole vya Tusekile.

Mjomba akavitazama. Bibi akavitazama.

Tusekile akavificha nyuma. "Mimi? Lakini ni mimi niliyemharibu!"

"Ndiyo," alisema Bibi. "Na wewe ndiye utakayemponya. Njoo."

Mama akamshika kiuno, akamwinua kidogo. Tusekile akachovya kidole kwenye rangi nyeupe. Akashusha pumzi.

Akabonyeza. Akavuta juu kidogo. Akaachia.

Palikuwa na sikio. Dogo, jeupe, limepinda kidogo, kama mwenzake.

Wote wakasogea, wakalitazama. Kisha Bibi akapiga vigelegele, na ng'ombe wa jirani akaitika. Mbuuu!

"Amesikia," alisema Mjomba. "Masikio yote mawili yanafanya kazi."

Jioni ikaingia. Rangi ilikuwa bado mbichi, na kuku walitaka kurudi kitandani kwao, kwenye kiti cha dereva. Kwa hiyo Bibi akaleta kigoda, akakaa karibu na mlango wa pikapu, na fimbo mkononi.

"Shh! Nendeni bandani! Nyumba imepata mwenyewe."

Tusekile akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye goti la Bibi, lile lisilouma. Alitaka kumlinda ndama mpaka akauke. Akafumba jicho moja, kisha la pili.

Mama akaja na mafuta ya taa na kitambaa. Akainama, akaushika mkono wa Tusekile. Kidole kilikuwa cheupe mpaka kwenye kucha.

"Nimfute rangi kabla hajalala," alinong'ona.

Bibi akamzuia. "Mwache alale nayo. Hata wewe siku ile nilikuacha. Nilikubeba hivi hivi, kidole cheupe, na asubuhi ukaniamsha unionyeshe."

Mama akakunja kitambaa. Alikuwa amesahau kabisa.

Kisha akambeba Tusekile mpaka ndani. Akamlaza, akamfunika blanketi mpaka shingoni. Mkono ule wenye rangi akauacha nje, juu ya blanketi, ukauke.