Mkono wa Mkwe

Bi Swaumu aliwaona siafu kabla hajauona mti wenyewe. Walikuwa wamepanga mstari mweusi, wakipanda shina kwa bidii ya watu wanaorudi kwao, na alipoinua macho kuufuata mstari huo akagundua kwamba shina lilikuwa la plastiki. Majani nayo plastiki. Hata ndege waliolia matawini walikuwa sauti ya spika.

"Siafu wanapanda plastiki kutafuta nini?" akauliza.

Chebet, binti wa mapokezi aliyevishwa vazi la chui kama wahudumu wenzake wote, akacheka, akimwita nyanya kwa lugha ya wenyeji. "Hata sisi tunashangaa, Kukhu. Tunanyunyizanga dawa kila asubuhi. Hapa palikuwa na mkuyu mkubwa, ule mnaita mukumu. Waliukata wakijenga hoteli, halafu wakatengeneza huu ufanane nao."

"Wakakata wa Mungu, wakapanda wa dukani."

"Wageni wanaupenda, Kukhu. Wanapiganga picha hapo."

Ndivyo ilivyokuwa hoteli hiyo, iliyojengwa ndani ya bustani ya michezo nje kidogo ya mji wa Kakamega. Kila kitu kilijifanya msitu, ilhali msitu wenyewe ulikuwa nyuma ya ua. Vyumba vilikuwa na majina ya wanyama na vitanda vilikuwa na miguu ya tembo. Uani gurudumu kubwa lilizunguka, na watoto walipiga mayowe kwenye vigari vya kugongana. Husseini, mkwewe, muuza vipuri vya pikipiki kule Mumias, ndiye aliyewaleta, ili mama mkwe apumzike baada ya kupasuliwa nyonga.

"Chumba cha familia ni kimoja," Chebet alieleza. "Kina mlango wa katikati."

Husseini alikuwa amesimama mbali, amempa mama mkwe mgongo. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Swafia, mwelezee dada. Sisi hatulalangi nyumba moja na mama."

"Lakini hii si nyumba, ni hoteli," Chebet akasema.

"Hata ingekuwa ikulu," Swafia akamjibu. "Paa ni paa."

Kwa miaka kumi na mmoja Husseini hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba cha mama mkwe, wala kumpa mkono, wala kumtazama usoni. Alipokuwa na neno la kumwambia, alimwambia mtoto, na mtoto asipokuwapo aliuambia ukuta. Bi Swaumu aliijua heshima hiyo kama alivyowajua wakwe wa mama yake na wa nyanya yake, kila mmoja kwa jina lake, na ng'ombe aliowaleta, na kosa alilowahi kufanya.

Basi Husseini na Swafia wakapewa banda ng'ambo ya bwawa la kuogelea. Bi Swaumu na mjukuu wake Nabwire, binti wa miaka mitano, wakachukua chumba cha chini karibu na ule mti. Mlango mmoja ulitokea ukumbini. Mwingine, wa kioo, ulitokea uani.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mvua ikaja. Saa tisa kulikuwa giza kama magharibi. Gurudumu likasimama. Stima ikapotea, taa zikazimika, feni ikanyamaza. Nabwire alikuwa amelala. Bi Swaumu alikaa kando ya kitanda na mkongojo wake mapajani, akisikiliza, na ilimchukua muda kutambua anachokisikia.

Stima haikuwapo, lakini ndege wa kwenye spika walikuwa bado wanalia.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya mti uliokatwa sasa hivi, utomvu mbichi, mchungu, ikapita chini ya mlango wa ukumbini ikajaa chumba chote hadi akahisi ladha yake ulimini, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na nyayo, polepole, za mtu anayejua anakokwenda, zikakaribia, zikasimama nje ya mlango, na ndege wote wakanyamaza kwa pamoja.

"Nabwire!"

Sauti ya Husseini. Mtoto akazinduka. "Abee, baba!" akaitika, kabla nyanya yake hajamziba mdomo.

"Mama, fungua. Nimekuja kumchukua mtoto."

Bi Swaumu akaushika mkongojo. Mama, fungua. Miaka kumi na mmoja, na leo ameitwa kama mtu anavyoita shemeji yake!

Mlango ukafunguka bila funguo. Aliyeingia alikuwa Husseini, shati la buluu, kovu la sikioni, bega la kushoto limeshuka kidogo. Akavuka kizingiti. Akamtazama Bi Swaumu machoni. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba hiyo sikupi," Bi Swaumu akanong'ona. "Wewe si wetu."

Kile kitu kikatabasamu kwa meno ya Husseini. "Mtoto ameniitikia."

"Ameitikia baba yake. Sauti uliyoiiba si yako, na jibu lake si lako pia."

"Wameukata mti wangu, mama. Nimelala humo tangu kabla ya ukoo wenu kupewa jina. Sasa wameweka huu wa kuchekesha watoto. Nitalala wapi? Nadai mtu mmoja. Sinyakui. Unanipa kwa mkono wako."

"Mdai aliyeshika shoka! Mjukuu wangu hajakata hata kuni."

"Basi ngoja nikusaidie kuamua."

Kikatoka kikirudi nyuma. Na mahali kilipokuwa, siafu wakaanza kuingia. Hawakuja kwa mstari. Walikuja kama maji, wakaumeza mkeka, wakapanda miguu ya tembo ya kitanda, na Nabwire akaanza kupiga kelele, na Bi Swaumu akainuka akakumbuka nyonga yake, kwamba hawezi kumbeba mtoto hata hatua tatu, na kwamba mtu yeyote atakayemtoa mtoto huyu humu ndani atakuwa ni mtu ambaye yeye mwenyewe amemkabidhi.

Mlango wa kioo ukasukumwa kutoka uani. Husseini akasimama barazani, amelowa chepechepe, viatu hana, ameupa mgongo mlango.

"Nabwire!" alilia. "Mwambie Kukhu akupe kwangu! Mwambie haraka!"

Moyo wa Bi Swaumu ukatua. Huyu ndiye. Hata nyumba ikiungua atasema kupitia mtoto.

Lakini kabla hajanyanyua mkono, kando ya Husseini akasimama mwingine. Shati lile lile la buluu, limelowa vile vile. Naye akageuka akaupa mlango mgongo, taratibu, kama mwanafunzi mwepesi wa kuelewa.

"Nabwire," akasema kwa sauti ile ile. "Mwambie Kukhu akupe kwangu."

"Mimi ndiye!" wakasema wote wawili, wakisukumana hata Bi Swaumu asijue tena aliyetangulia ni yupi, na mabega yote mawili ya kushoto yalikuwa yameshuka.

Siafu walikuwa wamefika magotini mwa Bi Swaumu. Aliwaacha wamuume. "Niogope siafu kwa umri huu?" akasema kwa meno yaliyokazwa. Kisha akapaza sauti, si ya kunong'ona tena.

"Baba Nabwire! Geuka unitazame. Ingia humu unishike mkono, ututoe."

Wa kulia akajibu kwa upole mkubwa, bila kugeuza shingo. "Haiwezekani, mama. Huo ni mwiko. Siwezi kukuvunjia heshima."

Wa kushoto alishika nguzo ya baraza kama mtu anayevutwa na mto, akalia "Astaghfirullah!", kisha akageuka, uso umemkunjamana kwa aibu, akavuka kizingiti, akakanyaga siafu kwa miguu mitupu, akamtia mtoto kwapani, na kwa mkono wake mwingine akaukamata mkono wa mama mkwe wake.

Bi Swaumu akamtazama yule aliyebaki na mgongo wake wa adabu. "Umejifunza mwiko kwa dakika moja," akamwambia. "Uzazi hujajifunza."

Walipita karibu naye kiasi cha kusikia utomvu ukimtiririka. Hakunyanyua hata kidole. Hakuwa amepewa.

Kwenye nyasi, katikati ya mvua, Swafia alikuja mbio akampokea mtoto akiwafuta siafu nyweleni. Husseini alibaki amesimama, ameelekeza uso bwawani, mkono wa mama mkwe ungali ndani ya wake. Alitaka kuuachia na hakujua aanze vipi.

"Mama," akasema, kwa mara ya kwanza. "Nimekukosea. Huu mkono nifanye nao nini?"

Bi Swaumu akageuka kutazama kule chumbani. Barazani, yule mwingine alikuwa bado amesimama, sasa amegeuka akawapa wao mgongo kwa heshima zote, akingoja kuitwa.

"Mbuzi wa kuusafisha mwiko tutamtafuta kesho, baba," akasema, na akaukaza mkono ule. "Leo shika vizuri. Anatusikia, na ajue sisi tunashikana."